Kopo la misuli: unanunua nini hasa?

Mwezi uliopita nilikuwa Mpanda, na swali nililoulizwa zaidi na vijana wa Makanyagio halikuwa la mapenzi, nikashangaa. Lilikuwa la unga wa protini. Mtu akipiga chuma wiki moja, ya pili anatafuta kopo. Na siyo wanaume tu, kinadada nao wameambiwa linajaza shepu. Likifika Katavi bei imeshapaa, kwa hiyo kabla hujatoa hela, jua unachonunua.

Ule unga unaitwa wei, na wei ni maziwa, basi. Mtindi ukikaa, yale maji ya kijani-njano yanayojitenga ndiyo wei yenyewe; wafugaji wa Kisukuma kule vijijini wanayajua tangu utoto. Katika protini yote ya maziwa ya ng'ombe, wei ni kama asilimia 20, nyingine ni kaseini inayoganda. Viwanda vya jibini Ulaya na Marekani viliwahi kuyamwaga au kuwapa nguruwe, mpaka ikapatikana njia ya kuyachuja na kuyakausha. Sasa yanatujia kwenye kopo lenye picha ya jamaa mwenye kifua kama mlango!

Konsentreti inayouzwa sana ina protini karibu asilimia 80, na sukari ya maziwa bado imo. Aisoleti inafika 90 na zaidi, sukari kidogo sana, bei juu. Kama maziwa yanakujaza gesi na kukuharisha (wengi wetu ukubwani ndivyo tulivyo), aisoleti ni nafuu kwako. Halafu kuna lile kopo kubwa la kunenepesha. Mara nyingi limejaa wanga na sukari, yaani uji wa bei mbaya.

Geuza kopo usome nyuma. Kijiko cha gramu 30 chenye protini gramu 24 ni asilimia 80, safi. Ukikuta 12, nusu ya hela yako imeenda kwenye kitu kingine. Angalia pia tarehe ya mwisho na kama muhuri haujaguswa. Na ukiwa na shaka, usalama wa chakula tangu 2019 uko TBS, siyo tena ile iliyokuwa TFDA.

Tuje kwenye sufuria. Mtu wa kilo 70 asiye na mazoezi anahitaji kama gramu 56 za protini kwa siku. Anayepiga chuma kwelikweli, 100 hadi 140. Nusu lita ya maziwa inakupa kama 16, yai 6. Dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, gramu 50 tu, karibu 30! Hapo kijiko cha wei kimeshapitwa, na maharage sijayataja. Sikatai, unga unameng'enywa haraka na unamfaa asiyepata muda wa kula. Mwenye matatizo ya figo aongee na daktari kwanza. Ila shem, kama kopo la mumeo linakula hela ya maziwa ya watoto, hapo mna mazungumzo usiku huu.

Kinachonitisha mimi ni vilivyofichwa. Uchunguzi uliofadhiliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2000 na 2001 ulipima virutubisho 634 vya kila aina kutoka nchi 13, na 94 vikakutwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo.

Na vile vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwenye vipakiti visivyo na jina havihusiani kabisa na wei. Baadhi vina deksamethasoni, dawa ya steroidi. Mashavu yanajaa, watu wanakusifia, kumbe presha na sukari vinapanda huku mwili ukiacha kutengeneza homoni yake. Dada yangu, kama umevimeza kwa miezi, usiviache ghafla. Nenda hospitali na pakiti yake mkononi.