Petreli wa Wilson: ndege wa gramu 40 anayeishi baharini

Chukua yai dogo la kuku wa kienyeji uliweke kiganjani. Uzito huo, gramu 40 hivi, ndio uzito wa petreli wa Wilson, ndege mweusi mwenye doa jeupe juu ya mkia. Jina lake ni la Alexander Wilson, mtafiti wa ndege aliyezaliwa Scotland na kufanya kazi Marekani.

Karibu maisha yake yote ni baharini. Maji ya chumvi hayamsumbui, kwa kuwa tezi zilizo karibu na macho huchuja chumvi, ikatoka puani kupitia kijibomba kilicho juu ya mdomo. Pua hiyo pia humsaidia kunusa chakula. Akiona uduvi na viumbe wengine wadogo, hukunjua mbawa na kugusagusa maji kwa miguu, utadhani anatembea juu yake. Mabaharia wa zamani waliamini kwamba anatangaza dhoruba.

Lakini yai halitagwi juu ya mawimbi. Majira ya joto ya kusini yakianza, kuelekea Desemba, hurudi pwani za Antaktika na visiwa vya jirani, akajificha kwenye nyufa za miamba. Jike hutaga yai moja tu kwa mwaka. Wazazi hupokezana kuliatamia siku 40 hivi, kisha humlea kinda kama miezi miwili. Miguu yao ni dhaifu nchi kavu, hivyo huingia na kutoka kiotani usiku, ndege wakubwa wasiwakamate.

Adui mwingine ni theluji. Ikianguka nyingi, huziba mlango wa kiota. Mzazi yuko nje na chakula, kinda yuko ndani. Mafuta ya mwilini humwezesha kinda kungoja siku kadhaa bila kula. Theluji ikikawia kuyeyuka, kinda hufa, na wazazi wamepoteza mwaka mzima.

Baridi ikirudi, huhamia kaskazini. Baadhi huja Bahari ya Hindi, na wavuvi wa maji ya kina wa Kenya na Tanzania wanaweza kuwaona kati ya Mei na Oktoba hivi, wakifuata vyombo. Usiku, taa kali huwavuta ndege wa aina hii wakaanguka chomboni. Ukimkuta, mweke kwenye boksi lenye matundu, punguza taa, kisha mwachilie gizani. Ndege anayetaga yai moja kwa mwaka hapatikani upesi wa kuziba pengo lake.