Mke akirudi kwao, mke akirudishwa: ubakaji ndani ya ndoa

Ukitaka kuzua ubishi kwenye kikao cha ukoo Kamachumu, mkoani Kagera, sema mume anaweza kumbaka mkewe. Wazee watacheka kwanza, kisha mmoja atauliza: mahari tulitoa ya nini? Neno lao ni "unyumba", na anayeitiwa kikao ni mke aliyeunyima.

Huku ughaibuni tunazoea kulaumu mila, lakini sheria ya Tanzania nayo inasema hivyo hivyo. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kilivyoandikwa upya na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kinamhesabu mume kuwa mbakaji pale tu mke anapokuwa ametengana naye. Wakiwa pamoja, ile adhabu ya miaka isiyopungua 30 haimhusu.

Mzizi wake uko Uingereza. Jaji Matthew Hale aliandika karne ya 17 kwamba mke, kwa kuolewa tu, amekwisha kujitoa kwa mumewe. Wazo hilo lilifika Tanganyika na sheria za jinai za mkoloni. Waingereza wenyewe walilitupa mwaka 1991. Sisi, miaka saba baadaye, tukaliandika waziwazi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara, mkoa wetu huo huo, Rwanda inaliita tendo hilo kosa na kuliadhibu.

Sasa tazama neno "kutengana" linavyofanya kazi Muleba. Mke anafunga virago, anarudi kwa baba yake. Baba anawaza mahari itakayodaiwa. Huenda kaka mtu amekwisha kuitumia kuolea. Shangazi anatumwa amtulize binti, kikao kinakaa, mume anatozwa pombe, mke anarudishwa. Kila mtu anaita upatanishi. Usiku huo huo, kinga ndogo aliyokuwa nayo kisheria imekwisha.

Hata hivyo hajafungiwa milango yote. Kipigo na majeraha ni shambulio, aliyepigwa awe mke au la. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kumwadhibu mwenzi kwa viboko, na inatambua ukatili kuwa sababu ya talaka. Polisi wana Dawati la Jinsia, na mkoani Kagera shirika la MHOLA hutoa msaada wa kisheria.

Kwa hiyo ndugu yangu, dada yako akikupigia usiku kutoka Muleba au Bukoba, usianze kuuliza alimkosea nini mumewe. Tuma nauli, na mwambie achukue fomu ya PF3 polisi na kufika hospitali kabla hajaoga.