Ngitili Kwanza, Kaboni Baadaye

Mfugaji akishauriwa leo arudishe miti ya asili malishoni, neno la kwanza analosikia ni hewa ya ukaa. Mti hauwezi kudumu kwenye shamba la mifugo kwa sababu hiyo peke yake. Hudumu pale ng'ombe anapoufaidi, na kaboni hujiwekea akiba yenyewe, kwani karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Ushahidi uko Shinyanga, Tanzania. Misitu ya huko ilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kuangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na kuni vikamaliza iliyobaki. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimesalia hazikuzidi sana hekta 600. Ngitili ni desturi ya Wasukuma: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, ikafunguliwa kiangazi kinapokaza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikutoka kitaluni. Mizizi na visiki vilikuwa hai ardhini, vikisubiri kupumzishwa meno ya mbuzi na makali ya shoka. Kwa kurudi kwa vichaka, watafiti walihesabu aina 145 za ndege ndani ya ngitili.

Wapo wanaosema kivuli huua nyasi. Ni kweli miti ikisongamana, ndiyo maana hupogolewa na kupunguzwa. Tena si kila mti una tabia moja. Faidherbia albida, ndugu wa migunga, hupukutisha majani wakati wa mvua, na maganda yake huanguka kiangazi, nyasi zikiwa zimekwisha. Wengine hutaka miti ya kigeni kwa kuwa hukua haraka. Mkaratusi hukua haraka kweli, lakini ng'ombe hauli. Baringo, Kenya, walipelekewa mti wa kigeni uitwao mathenge mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Mti ukavamia malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi waliishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akafikishwa mahakamani kama kielelezo.

Pingamizi zito zaidi ni la methani, gesi ya joto itokayo tumboni mwa ng'ombe. Kichaka kikikomaa hupunguza kasi ya kuongeza kaboni, ilhali ng'ombe hucheua siku zote. Kwa hiyo ngitili isitumiwe kama kibali cha kukuza kundi. Wala miti isipelekwe kwenye mbuga za nyasi ambazo kwa asili hazina miti, maana huko kupanda miti ni kuharibu makazi ya viumbe wengine.

Basi, mfugaji, kabla hujanunua mche hata mmoja, funga kona moja ya malisho mvua zikianza, kisha uhesabu visiki vilivyochipua.