Kiingereza kianzie masikioni

Anayetaka kujifunza Kiingereza leo hana shida ya kupata masomo. Simu yake tu imejaa masomo hayo. Shida ni kwamba mengi anayopakua ni ya kusoma kwa macho, na sisi tuliokulia kwenye Kiswahili macho hutuponza. Kiswahili hutamkwa kama kilivyoandikwa, na mkazo karibu kila mara uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo tukikutana na "vegetable" tunaisoma silabi nne na kukaza ya tatu. Mwingereza hutamka silabi tatu, mkazo mwanzoni, na ile "e" ya katikati anaimeza kabisa.

Ndiyo maana nyenzo ya kwanza ninayowapa wanafunzi wangu ni kamusi inayosema. Oxford Learner's Dictionaries ipo mtandaoni bure, na iliandikwa kwa ajili ya wageni wa lugha, kwa hiyo haielezi neno gumu kwa neno gumu zaidi. Andika "photograph", kisha bonyeza alama ya spika: ya bluu ni matamshi ya Uingereza, nyekundu ya Marekani. Sasa tafuta "photographer", halafu "photographic". Umesikia? Mkazo umetoka silabi ya kwanza ukaenda ya pili, kisha ya tatu, na irabu zilizoachwa nyuma zimefifia. Katika maandishi ya matamshi kuna kistari kidogo kilichosimama kabla ya silabi yenye mkazo. Nakuomba usikipite. Ukikaza mahali pasipofaa, msikilizaji anaweza asilitambue neno hata kama hukukosea herufi moja.

Mwenye bando la kutosha aongeze YouGlish, inayokutafutia video za watu mbalimbali wakilitamka neno lile lile katikati ya mazungumzo. Anayeanza kabisa, au mzazi anayesoma na mwanawe, aende African Storybook, mradi wa Afrika Kusini wenye hadithi fupi za bure zinazopatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Programu za kukusanya pointi nazo zinasaidia kujenga mazoea, lakini sijaona mtu aliyezitegemea peke yake akaweza kufuata mazungumzo.

Hapo ndipo ninapoipenda BBC Learning English. BBC ilianza kufundisha Kiingereza redioni mwaka 1943, na uzoefu huo unaonekana katika kipindi cha 6 Minute English: watangazaji wawili, swali mwanzoni, jibu mwishoni, maneno sita ya msamiati, na maandishi yote ya mazungumzo. Maandishi hayo usiyafungue kwanza. Sikiliza mara mbili, kisha jipe imla ya dakika moja: simamisha, andika ulichosikia, endelea. Kisha ndipo ulinganishe.

Mwanafunzi wangu mmoja wa jioni, fundi umeme, aliandika "ternitof" akaitafuta kwenye kamusi bila mafanikio. Tulipofungua maandishi tukakuta "turn it off", maneno matatu anayoyajua miaka yote, yametamkwa kwa pumzi moja. Nikamrudishia sauti. Mara ya nne akagonga meza mara tatu, kila neno na pigo lake.