Keshia wa Bwera na Programu ya Bengaluru

Daftari kuu la benki siku hizi halimo tawini. Akaunti ya mkulima wa kahawa wa Kyarumba, magharibi mwa Uganda, huhifadhiwa katika mfumo mkuu wa benki yake, na katika ukanda wetu mifumo hiyo kwa sehemu kubwa imeundwa ng'ambo. Equity inatumia Finacle ya Infosys, kampuni ya Bengaluru; KCB inatumia T24 ya Temenos ya Geneva. Flexcube, mfumo mwingine wa aina hiyo, nayo ilizaliwa India kabla Oracle ya Marekani haijainunua, kwa hiyo hata huo ugeni una nasaba ndefu.

Je, wafanyakazi wa benki wako tayari kuipokea mifumo hiyo? Kipimo kinachotumiwa mno ni cha mtafiti Fred Davis, cha mwaka 1989: mtumiaji anaona programu ina manufaa kwa kazi yake? Anaiona rahisi? Davis alikijaribu kwa watumiaji 120 wa maabara ya IBM mjini Toronto, akiwauliza kuhusu barua pepe na programu ya kuhariri mafaili. Keshia wa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, hafanani nao. Makao makuu ya Kampala yakishaamua, hana pa kukwepea. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake walionyesha kwamba pale matumizi yanapokuwa ya lazima, sauti ya wakubwa na wenzako huwa na nguvu mwanzoni, kisha hufifia kadiri uzoefu unavyoongezeka. Ndiyo maana dodoso la mwezi wa kwanza baada ya mfumo kuwashwa silipi uzito. Nikitaka kujua kama mfumo umepokelewa, nauliza kama chini ya kaunta bado kuna daftari la mkono.

Daftari hilo huweza kuwa na sababu nzuri. Chukua majina. Wakonzo, wenyeji wa eneo la Bwera, humwita mtoto kwa mpangilio wa kuzaliwa: wavulana Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo, wasichana Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, Ithungu. Jina la ukoo kwa desturi halimo. Programu inayomtafuta mteja kwa jina lake na la ukoo, ukiiandikia Bwambale itakumwagia orodha ndefu, na wote ni wateja halali. Keshia anayejua yupi anatoka Karambi na yupi Ihandiro ataandika namba za akaunti zao pembeni. Mkaguzi ataliita hilo ukaidi. Mimi naona anafanya kazi ambayo skrini ilipaswa kuifanya.

Kisha kuna wepesi wa vidole. Aliyeizoea Finacle hapekui menyu. Anaandika HTM kuingiza muamala, HACLI kuona taarifa ya akaunti. Mwenzake wa Flexcube ana 1401 kwa kuweka fedha, 1001 kwa kutoa. Benki ikibadili mfumo, mkongwe aliyekuwa mwepesi kuliko wote anageuka mwanagenzi sawa na aliyeajiriwa juzi, tena foleni ikimtazama. Atapinga, hata kama mfumo anaoulilia nao ulitoka India.

Tena fedha zikipungua jioni, anayeulizwa ni keshia. Mtandao ukikatika siku ya soko la Mpondwe, pale mpakani, wafanyabiashara waliovuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, watamlaumu yeye, na kwa Kiswahili kisichohitaji mkalimani. Mengi katika hayo hurekebishika: orodha ya majina inaweza kuonyesha kijiji na picha ya mteja. Lakini ombi kama hilo hutolewa wakati wa majaribio, kabla mfumo haujawashwa, na majaribio hufanyika makao makuu, ambako keshia wa tawi la mpakani ni nadra kuitwa.