Mfalme Asiye na Merikebu: Biashara ya Kongo na Wareno

Diogo Cão, baharia wa Ureno, alitia nanga kwenye mlango wa mto Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1480, akakuta ufalme wenye mji mkuu, majimbo, watoza kodi na sarafu yake wenyewe. Na anayetaka kufahamu jinsi ufalme huo ulivyogeuzwa kuwa chemchemi ya watumwa, hana budi kuzitazama hesabu za biashara yenyewe: bidhaa zilikuwa za nani, fedha ilikuwa ya nani, na merikebu zilikuwa za nani.

Kwa bidhaa, Kongo haikuwa maskini. Ilikuwa na shaba, pembe za ndovu, na nguo za nyuzi za miwale ambazo Wareno wenyewe walizisifu kuwa zafanana na mahameli. Fedha yake ilikuwa nzimbu, simbi ndogo za kisiwa cha Luanda, mali ya mfalme peke yake: wanawake walijitosa baharini, wakajaza mchanga vikapuni, kisha wakauchambua, wakitenga simbi za kike na za kiume, kwa kuwa za kike zilipendwa zaidi kwa rangi yake.

Lakini mnunuzi alitaka watu. Katika kisiwa cha São Tomé walowezi wa Kireno walipanda miwa na kuhitaji mikono ya kuilima. Na katika ngome ya Wareno ya Elmina, Afrika Magharibi, matajiri wa Kiakan, wenyeji wa pande hizo, walipokea watumwa na kulipa dhahabu. Basi faida ya kumuuza mtu ikapita faida ya shaba na nguo, na katika bandari ya Kongo ya Mpinda msafara wa mateka ukawa ndiyo shehena inayongojewa.

Mfalme Mvemba a Nzinga, aliyebatizwa kwa jina la Afonso, aliuza mateka wa vita vyake, naye kwa hilo hana udhuru. Alichokuja kukitambua ni kwamba bidhaa za kigeni, zilipowafikia wakuu wa majimbo bila kupita mikononi mwake, ziliwaondolea haja ya kumtii, na kwamba wanunuzi, wasiposhiba mateka, waliwanyakua waungwana, hata jamaa zake mwenyewe. Mwaka 1526 akamwandikia mfalme João wa Tatu wa Ureno kwamba nchi inaishiwa watu, naye haombi ila mapadri, walimu, na divai na unga wa sakramenti. Mwaka huo huo akaweka wakaguzi watatu, akaamuru kila mtu anayekusudiwa kuuzwa apelekwe mbele yao kwanza, wapate kuhakikisha kuwa ni mateka wa halali wala si muungwana aliyeibiwa.

Amri hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: aliyeitoa hakuwa na chombo baharini. Afonso aliomba merikebu yake mwenyewe, hakuipata. Hivyo nauli, bei na soko la ng'ambo vikabaki mikononi mwa wale wale aliotaka kuwadhibiti. Wareno walipoanza kujenga mji wao Luanda mwaka 1575, walikaa mkabala wa chimbuko la sarafu ya Kongo. Na baadaye simbi za kigeni, zikiwamo za Brazil, zilipomiminwa sokoni, nzimbu ilipoteza thamani. Mwaka 1665, katika vita vya Mbwila dhidi ya Wareno, mfalme António wa Kwanza wa Kongo aliuawa, na ufalme ukasambaratika kwa fitina za warithi.

Twaambiwa mara nyingi kwamba Kongo ilishindwa kwa bunduki, lakini bunduki zilimalizia tu kazi iliyotangulizwa na biashara. Tena sheria iliyowagawa wanadamu, hawa wauzwe na hawa wasiuzwe, ilikuwa dhaifu tangu siku ilipoandikwa: mtu akisha kuwa na bei, muungwana na mateka huonekana sawa machoni pa mnunuzi, na hakuna mkaguzi awezaye kumlinda yeyote isipokuwa kwa kuharamisha bei yenyewe.