Asiatique na maji yasiyo na mwenzake

Jina la mtaa huu liliachwa na Wabelgiji, waliougawa mji wa Usumbura, Bujumbura ya leo, kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi na Waarabu Asiatique, Waafrika Buyenzi na Belge, ambayo leo ni Bwiza. Kiswahili kilivuka mipaka hiyo yote. Mtaa ni mdogo, lakini ukishuka kuelekea ziwani unasimama mbele ya makubwa ya dunia.

Tanganyika ni ziwa refu kuliko yote ya maji baridi: kilomita 673. Kwa kina, mita 1,470, linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Meli kongwe ya ziwa hili ni Liemba, iliyoundwa Ujerumani 1913. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kubeba abiria.

Wageni huulizia kwanza Gustave, mamba wa mto Rusizi anayekadiriwa kufikia mita 6. Hakuna aliyempima, wala hesabu ya watu 300 anaodaiwa kuwaua haikuthibitishwa. Waliokufa walikuwa wavuvi na watu waliokwenda kuoga, na inaniuma wakigeuzwa pambo la hadithi ya mnyama.

Kwangu mimi sifa kuu ya Rusizi ni nyingine. Mto huu ulibeba swali kubwa kuliko yote ya wapelelezi wa karne ya 19: je, unatoka ziwani kwenda kuwa Nile, au unaingia? Burton na Speke walifika Uvira 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba unaingia. Jibu lilikuwa kamili, la watu wanaokunywa maji hayo, lakini Ulaya ikaendelea kubishana miaka 13. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi Ujiji, wakafika mdomoni mwa mto, wakayaona maji yakiingia. Jiwe la Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, limechongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Wenyeji wa Uvira hawamo.

Nile nayo haikuikosa Burundi. Chemchemi yake ya kusini kabisa iko Rutovu, milimani, chini ya piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa 1938. Maji ya Rutovu huishia Misri. Yale ya Rusizi hupitia ziwani, yakatokea Lukuga upande wa magharibi na kufuata Kongo hadi Atlantiki.